«Mimi» ni nani? Nyimbo za kantri-roki na roki mbadala za mwaka 2023 katika somo la tafsiri

Katika orodha ya Billboard Hot 100 ya tarehe 5 Agosti 2023, nafasi tatu za kwanza zilishikwa na nyimbo tatu za kantri: ule wa Jason Aldean, ule wa Morgan Wallen na ule wa Luke Combs. Orodha hiyo ilianza mwaka 1958, na jambo kama hilo lilikuwa halijatokea hata mara moja. Wiki tano baadaye ukaingia «I Remember Everything» wa Zach Bryan na Kacey Musgraves, ukawa wimbo wa kwanza kuongoza kwa pamoja orodha kuu, orodha ya kantri, na orodha ya roki na roki mbadala.

Mtu wa biashara ataona hapo habari ya mauzo. Mtu wa muziki ataeleza jinsi ukuta kati ya kantri na roki ulivyobomoka: magitaa ya umeme yenye kelele upande mmoja, banjo yenye asili ya Afrika Magharibi na gitaa la chuma lililotoka Hawaii upande mwingine, na siku hizi vijana wanaovipiga vyote pamoja. Sisi tunaosoma lugha tuna swali letu, ambalo ukilitazama kwa mbali ni dogo: katika nyimbo hizo, anayesema «mimi» ni nani? Na anayeambiwa «wewe» je?

Swali lina uzito kwa sababu kosa lake ni la kila siku. Mwanafunzi anapochagua nyimbo za Marekani kwa kazi yake ya mwisho wa masomo, mara nyingi huandika kwamba «mwimbaji anasema yeye ni maskini», kisha anaeleza maisha ya mwimbaji kwa kutumia wimbo, kisha anaeleza Wamarekani wote kwa kutumia mwimbaji. Hizo ni hatua mbili, na zote mbili zimerukwa bila daraja. Wahakiki wa Kiswahili wana neno zuri kwa ajili ya jambo hili: nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi, asiyekuwa lazima mtunzi wala msomaji wa shairi kwa sauti. Katika wimbo mambo yanazidi kidogo, maana kuna watu watatu: aliyeandika, anayeimba, na nafsineni. Watatu hao wanaweza kuwa mtu mmoja. Wanaweza pia kuwa hawajawahi kukutana.

Nimechagua nyimbo saba za mwaka ule. Tano nazipenda, mbili sizipendi, lakini zinafundisha. Maneno yake hayatanukuliwa hapa. Msomaji azitafute, azisikilize, ndipo arudi kubishana na makala hii.

Msichana wa dukani

Tuanze na wimbo ulio mzee kuliko wengi wetu. «Fast Car» uliandikwa na Tracy Chapman peke yake, mwanamke Mweusi kutoka Cleveland, Ohio, ukatoka mwaka 1988. Tarehe 11 Juni mwaka huo, katika tamasha la London la kusherehekea miaka 70 ya Nelson Mandela aliyekuwa bado gerezani, vyombo vya Stevie Wonder vilileta shida na Chapman, aliyekuwa amekwisha kuimba zamu yake, akarudishwa jukwaani na gitaa lake tu. Aliuimba wimbo huo mbele ya uwanja uliojaa. Baada ya hapo ulipanda hadi nafasi ya 6 Marekani. Mwezi Machi 2023 Luke Combs, Mzungu wa North Carolina, aliurekodi upya katika albamu yake *Gettin' Old*, ukafika nafasi ya 2.

Nafsineni wa wimbo ni msichana. Mama ameondoka nyumbani, baba ni mlevi, binti anaacha shule ili amtunze. Anatamani kuondoka na mpenzi wake mwenye gari. Wanaondoka kweli, anapata kazi ya kupokea pesa dukani, na mwishoni mpenzi huyo amekuwa mlevi kama baba. Hakuna tukio kubwa. Hakuna anayekufa. Ni maisha yanayozunguka na kurudi palepale, na hiyo ndiyo huzuni yake.

Desturi ya waimbaji wengi wanaporudia wimbo wa mtu wa jinsia nyingine ni kubadilisha maneno: «yeye» wa kike anakuwa wa kiume, msichana anakuwa kijana. Combs hakubadilisha. Neno la Kiingereza linalotaja kazi ya dukani lina «msichana» ndani yake, naye, mwanaume mnene mwenye ndevu, analitamka lilivyo. Kwa hiyo katika viwanja vya Marekani, maelfu ya wanaume wenye kofia pana wameimba kwamba wao ni msichana wa dukani, na hakuna aliyecheka. Hapo nafsineni anaonekana waziwazi kama kiti: aliyekitengeneza ni mmoja, na wanaokikalia wanapokezana.

Sasa tuutafsiri. Kifaransa kinatulazimisha kuchagua tangu mwanzo. Ukisema «caissière» umekwisha kusema ni mwanamke, na sifa nyingi na baadhi ya vitendo vilivyotimia vitaendelea kumtaja: ameondoka, amechoka, vyote na alama ya kike mwishoni mwa neno, hata pale ambapo Kiingereza kilinyamaza. Kiswahili kiko upande wa pili kabisa. «Nafanya kazi ya kupokea pesa dukani» yaweza kusemwa na mtu yeyote. Neno lililowashangaza Wamarekani kwa Combs linapotea bila hata sauti, na tafsiri yako inamfaa Combs sawasawa na Chapman.

Wako watakaosema hiyo ni faida: Kiswahili kimetoa wimbo kwa watu wote. Mimi nasema ni hasara, na mfasiri aandike «msichana» kwa wino mzito. Sababu haiko katika kazi ya dukani bali katika beti za kabla yake. Mama anapoondoka na baba hawezi kujitunza, nani anaacha shule? Katika mitaa yetu jibu linajulikana kabla swali halijaisha. Kaka anaendelea na masomo. Dada anashika sufuria. Chapman hakueleza hilo kwa hotuba. Aliliacha ndani ya neno moja. Mfasiri akiliacha lianguke njiani, wimbo unabaki habari ya umaskini kwa jumla, na umaskini kwa jumla haumuumizi mtu.

Kuna mambo mawili mengine ya sarufi ambayo Kiswahili kinayafanya vizuri kuliko Kiingereza chenyewe. La kwanza ni wakati. Beti zinasimuliwa katika wakati uliopo na ujao, mipango na ahadi. Kiitikio kinarudi nyuma, kwenye usiku mmoja wa furaha ndani ya gari. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika «tulienda», na kwa neno hilo gari limekwisha kufika na kuzimwa. Kinachotakiwa ni «tulikuwa tukienda». Hiyo -ki- inaliacha gari barabarani; taa za mji bado zinapita dirishani. Kumbukumbu ya furaha ni tendo lisilokwisha, na tuna kiambishi chake.

La pili ni nafsi. Kwa Kiswahili kitenzi kinaanza na mtendaji wake. Sehemu kubwa ya wimbo, msikilizaji wa tafsiri atasikia tu-, tu-, tu-: tuondoke, tutapata, tutakuwa. Mwishoni, binti anamwambia mpenzi achukue gari lake aende zake. Tu- inakuwa u-. Badiliko hilo linasikika kichwani mwa kila kitenzi, hata kwa asiyesikiliza kwa makini. Mfasiri asiliharibu kwa kuongeza maneno ya kueleza.

Tarehe 8 Novemba 2023 chama cha muziki wa kantri cha Marekani kilitoa zawadi ya wimbo bora wa mwaka, ambayo ni ya mwandishi, kwa Tracy Chapman. Alikuwa mwandishi Mweusi wa kwanza kuipata. Wengine walifurahi; wengine waliuliza, na kwa haki, kwa nini wimbo ulihitaji koo la Mzungu ili redio za kantri ziupige, miaka 35 baada ya kuandikwa. Maswali hayo mawili hayafutani. Tarehe 4 Februari 2024 wawili hao waliuimba pamoja kwenye sherehe za Grammy, na Chapman ndiye aliyeanza.

Jaribu, au jaribuni?

Wimbo uliokuwa kileleni katika orodha ile ya Agosti ni «Try That in a Small Town» wa Jason Aldean. Muundo wake ni rahisi: unataja maovu ya mji mkubwa, kisha unamwambia mtenda maovu ajaribu kufanya hivyo katika mji mdogo, aone. Kiingereza kina «you» moja tu. Kwa Kiswahili mfasiri amekwama tangu neno la kwanza la jina la wimbo: aandike «jaribu» au «jaribuni»?

Ukiandika «jaribu», unaongea na mwizi mmoja aliye mbele yako. Ukiandika «jaribuni», umewatishia watu, kundi, pengine kabila. Ugomvi wote uliowaka Marekani mwezi Julai 2023 ulikuwa juu ya jambo hilo hilo, ingawa waliogombana hawakuwa na sarufi ya kulitaja. Video ilipigwa mbele ya jengo la mahakama la Columbia, Tennessee, mahali ambapo mwaka 1927 kundi la watu lilimuua kijana Mweusi aitwaye Henry Choate. Televisheni ya CMT iliacha kuionyesha. Aldean alijibu kwamba hakuna neno hata moja la wimbo linalotaja rangi ya mtu, na watayarishaji wa video walisema jengo lile hutumiwa na wapiga picha wengi. Hilo la maneno ni kweli: ukisoma maandishi pekee hutaona rangi. Lakini «you» isiyo na idadi inajazwa na msikilizaji, na picha ya jengo ilikuwa imekwisha kumsaidia kujaza.

Inafaa kujua pia kwamba Aldean hakuuandika. Waliouandika ni wanne, na yeye si mmoja wao; tena alizaliwa Macon, Georgia, ambao si mji mdogo. Baadhi ya waliomshambulia walifikiri wamemkamata hapo. Hawakumkamata. Combs naye si msichana, wala hakuwahi kupokea pesa katika duka la wimbo ule. Tofauti iko kwingine. Nafsineni wa Chapman ana baba, ana kazi, ana barabara, ana usiku mmoja anaoukumbuka. Nafsineni wa Aldean ana bunduki aliyopewa na babu, na baada ya hapo hana uso. Kiti hicho kimetengenezwa kwa ajili ya yeyote mwenye hasira.

Wiki chache tu baadaye akatokea Oliver Anthony wa Virginia na «Rich Men North of Richmond»: mtu, gitaa, kipaza sauti na miti nyuma yake. Wimbo uliingia moja kwa moja nafasi ya kwanza, na hakuna msanii mwingine aliyewahi kufanya hivyo bila kuwa ameonekana kabla katika orodha yoyote ya Billboard. Jina lake ni mtego kwa mfasiri. «Matajiri wa kaskazini ya Richmond» ni sahihi na ni butu: mchezo wa sauti, tajiri ndani ya jina la mji, umekufa, na hatuna dawa yake. Msomaji wetu lazima pia aambiwe kwamba ukitoka Richmond kwenda kaskazini unafika Washington, na kwamba Richmond ilikuwa mji mkuu wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga katika vita vya 1861 hadi 1865. Bila hayo atafikiri ni habari ya mtaa.

Sauti ya mtu huyu ina ukweli ndani yake. Sitaki kulificha hilo. Anayefanya kazi masaa mengi kwa mshahara mbaya anastahili kusikilizwa. Shida inakuja pale «mimi» wake, baada ya kuwalaumu wakubwa, anapogeuka na kuwacheka maskini wanaoishi kwa msaada wa serikali. Kwa hiyo «wao» wa wimbo ni nani? Wanasiasa walifikiri wanajua. Tarehe 23 Agosti, mdahalo wa wagombea wa chama cha Republican huko Milwaukee ulianza kwa wimbo huo, nao wakaulizwa maoni yao. Mwimbaji akajibu siku chache baadaye kwamba inachekesha, kwa kuwa aliuandika juu ya watu kama wao. Kiwakilishi kisicho na jina ni mfuko: kila mtu hutia humo adui wake.

Mfalme na shaba

Kama ningeulizwa wimbo mmoja tu wa kutafsiriwa katika mwaka wetu wa mwisho, ningetaja «King of Oklahoma» wa Jason Isbell, kutoka albamu *Weathervanes* iliyotoka tarehe 9 Juni 2023 na bendi yake 400 Unit. Isbell ni mtu wa Alabama. Alifika Oklahoma kuigiza katika filamu ya Martin Scorsese, *Killers of the Flower Moon*, na wimbo ulizaliwa huko. Nafsineni ni mfanyakazi aliyeumia kazini, akapewa dawa, dawa zikamshika; mke anaondoka, fedha hakuna, naye anafikiria kuiba shaba ili aiuze. Ufalme unaotajwa katika jina la wimbo ni wa zamani: ndivyo alivyojiona wakati mkewe alipokuwa bado anampenda.

Msomaji wa Katanga hahitaji maelezo ya mtu anayeiba shaba. Nyaya zinazokatwa usiku, mtaa unaobaki gizani, mnunuzi asiyeuliza zilikotoka: tunayajua. Lakini ujuzi huo ni mzigo pia. Neno «shaba» kwetu ni kubwa kuliko lilivyo Oklahoma. Lilikuwa jina la mkoa mzima kuanzia 1971 hadi 1997. Ni mishahara ya babu zetu, ni reli, ni moshi. Mfasiri akiandika «shaba» wimbo wa mtu mmoja aliyeanguka unaweza kusomwa hapa kama wimbo wa nchi. Je, aandike «nyaya» kukwepa? Mimi ningeliacha neno lenyewe. Kiswahili chetu kina kumbukumbu zake, na hatuwezi kuziomba zitoke nje wakati wa tafsiri.

Neno jingine ndilo la hatari zaidi. Vidonge ambavyo mtu huyu anameza, tuviite nini? Nimeona mara nyingi «madawa ya kulevya» yakiandikwa kila panapotajwa utumwa wa vidonge Marekani. Kwa maneno hayo mfasiri amekwisha kumhukumu: tunamwona kijana wa kichochoroni. Lakini balaa hilo la Marekani liliingia nyumba nyingi kwa mlango wa daktari. Mtu aliumia mgongo, akaandikiwa dawa kwa karatasi halali, akazinunua katika famasi. Andika «dawa za kutuliza maumivu» na uache neno hilo hilo mpaka mwisho wa wimbo, hata pale ambapo haziitwi tena dawa kwa haki. Msomaji aone jinsi kitu kilekile kilivyobadilika mkononi mwake bila kubadilisha jina. Hilo ndilo Isbell analolifanya, na ndiyo maana hatumcheki mwizi wake.

Inajulikana kwamba Isbell mwenyewe aliacha pombe mwaka 2012. Kuna kishawishi cha kusema: basi, ni yeye. La. Anajua njia inayoelekea shimoni, lakini mtu aliyemweka humo ni wa kubuni, mwenye kazi ya mikono ambayo Isbell hakuifanya. Maarifa ni ya mwandishi. Maisha ni ya nafsineni.

Wawili wanaokumbuka

«I Remember Everything» ni wimbo wa wapenzi walioachana, mwanaume na mwanamke, uliotoka Agosti 2023 katika albamu ambayo Zach Bryan aliitayarisha mwenyewe na kuipa jina lake. Mwaka uliofuata ulipata Grammy ya wawili au kundi katika kantri. Wote wawili wanadai kukumbuka kila kitu, na ukisikiliza utagundua kwamba hawakumbuki jambo moja. Yeye anakumbuka joto la siku zile na pombe. Mwenzake anakumbuka kwamba mtu huyu alikunywa ili moyo wake utulie, akasahau kwamba na yeye alikuwa na moyo.

Jambo la kazi kwetu: Kiswahili hakionyeshi jinsia ya anayesema. Kwenye ukurasa, ukitoa sauti zao, beti ya mwanaume na ya mwanamke zinashikana, na ugomvi wao unakuwa mtu mmoja anayejipinga. Mfasiri aandike kama tamthilia, na alama ya msemaji pembeni. Kuhusu jina, ningechagua «Nakumbuka yote» badala ya «Nakumbuka kila kitu». «Kila kitu» ni vitu vya nyumba, meza na gari. «Yote» ni mambo, na mambo ndiyo wanayogombania. Atakayesema kwamba wimbo umejaa vitu kweli atakuwa na hoja, na ningependa kuisoma.

Upande wa roki mbadala nitapita haraka, si kwa dharau. Bendi ya Wednesday kutoka Asheville, North Carolina, ilitoa *Rat Saw God* mwezi Aprili: kelele za gitaa kama mashine ya kusaga, na katikati yake gitaa la chuma linalolia kwa sauti ya kantri. Katika «Chosen to Deserve», Karly Hartzman anamtajia mpenzi wake makosa ya ujana wake moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya manunuzi. Hapa mwandishi, mwimbaji na nafsineni wanakaribiana sana, maana Hartzman huchota kwenye maisha yake na ya marafiki zake. Mfasiri ataona raha kutumia hu- na -ki-: alikuwa akitoroka, alikuwa akilewa. Jina la wimbo ndilo kichwa kigumu. Ni kitenzi cha kutendwa kisicho na mtenda: mpenzi ameteuliwa kumstahili. Ameteuliwa na nani? Mungu, bahati, au yeye mwenyewe anayeimba? Kiswahili kinaruhusu -wa bila «na», basi tuinyamazie kama yeye alivyoinyamazia.

Na kundi la boygenius, yaani Julien Baker, Phoebe Bridgers na Lucy Dacus, walitoa *the record* tarehe 31 Machi. Wimbo wao «Not Strong Enough» ulishinda Grammy mbili za roki. Jina lake linaitikia «Strong Enough» wa Sheryl Crow wa miaka thelathini nyuma: kule mwanamke anauliza kama mwanaume anazo nguvu za kuwa naye, huku anayesema anakiri kwamba hazina kwake mwenyewe. Wanawake watatu wanaimba, na kila mmoja anasema «mimi». Kishawishi cha kuandika «hatuna nguvu» ni kikubwa. Kikataliwe. Watatu hawajawa «sisi». Wamekaa kwa zamu kwenye kiti kimoja, na upweke wa wimbo unatoka hapo.

Kwa atakayesema mambo haya ni ya mbali, tunaye Mwenda Jean Bosco. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952, akipiga gitaa peke yake na kuimba Kiswahili cha Katanga. Mwaka 1969 alisimama kwenye tamasha la Newport, Marekani. Nyimbo zake zimejaa «mimi», na wengi wetu bado tunazisoma kana kwamba ni barua alizotuandikia Bosco mwenyewe.

Basi zoezi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili ni hili. Chukua ubeti wa mwisho wa «Fast Car» na ubeti wa kwanza wa «King of Oklahoma». Kila mmoja uutafsiri mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, bila kutumia tafsiri moja kufikia nyingine. Piga mstari chini ya kila neno ambalo lugha ilikulazimisha kusema na kila neno ambalo lugha ilikuruhusu kuficha. Kisha chukua wimbo mmoja wa Bosco unaoujua kwa kichwa, na kabla ya kuandika lolote, andika juu ya karatasi majina matatu: aliyeandika, anayeimba, anayesema. Ukipata jina moja mara tatu, leta ushahidi.